Ujumbe Uliowatangulia Vifaranga

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, mtaa wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura. Simu inalia mara moja juu ya meza. Consolate anaacha ufagio, anafuta mikono kwenye kitenge chake, anasoma, kisha anacheka peke yake.

Ujumbe una maneno mawili tu: "Sikiliza kwanza."

Aliyeutuma ni yeye mwenyewe. Aliuandika siku ishirini na moja zilizopita, akaupangia siku yake na saa yake, akauacha ulale ndani ya simu. Leo umeamka wenyewe na kumfikia, naye anautii kama mtoto aliyeitwa na mama yake.

Anaingia chumba cha nyuma. Humo kuna friji jeupe la zamani, ambalo halijagandisha hata bakuli la maji kwa miaka sita. Ubavuni lina matundu manne, kila moja la kutosha kidole. Consolate anapiga magoti, anaziba sikio moja kwa kiganja, la pili analibandika kwenye tundu.

"Musiseme kintu," ananong'ona bila kugeuka.

Mlangoni, watoto wake wanaacha kucheza.

Consolate ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuwatotolea watu vifaranga. Friji hilo si friji tena: fundi alilitia taa mbili, feni ndogo, beseni la maji na kipimajoto, likawa mashine ya kulalia mayai. Bujumbura wanaiita kuvezi. Watu wanaleta mayai yao, yeye anayalaza, na baada ya siku ishirini na moja wanarudi kuchukua vifaranga. Kila yai analipwa faranga mia tano. Mwezi mzuri humwachia kama laki moja, na mwezi mbaya, umeme ukikatika ovyo, hauachi kitu.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kukaa. Thubutu! Kila yai linaandikwa kwa penseli jina la mwenyewe, upande mmoja alama ya msalaba, upande wa pili duara. Mara tatu kwa siku Consolate anayageuza yote kwa mkono, moja moja, msalaba juu, duara juu, mpaka siku ya kumi na nane. Kuanzia hapo mlango unafungwa, na haufunguliwi tena mpaka vifaranga watoke.

"Mi nilizaa batoto bane," anasema. "Bale bane hawakunisumbua kama mayai. Mutoto akisikia baridi analia. Yai linanyamaza tu."

Sasa, habari ya simu.

Aliyemfundisha ni Ingrid, binti yake wa kwanza, anayesomea uuguzi. Siku moja alimkuta mama yake anahesabu siku kwa vidole, huku ameandika majina ya wateja nyuma ya kalenda ya kanisa. Akamwambia, "Mama, unajichosha bure. Andika mesaje leo, itaenda yenyewe siku unayotaka."

"Itaenda yenyewe na miguu gani?" mama akauliza.

Ingrid akamwonyesha. Unaandika maneno yako kama kawaida. Badala ya kugusa ile alama ya kutuma na kuiachia, unaibonyeza na kuishikilia. Simu inakuuliza: lini? Unachagua siku, unachagua saa, umemaliza. Siku hiyo simu iwe inawaka, mtandao uwepo, unite za kupigia zisiwe zimekwisha. Basi.

Jamani, Consolate alivyofurahi! Alikuwa kama mtu aliyepewa mtumishi asiyelala wala kula. Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa, alikaa na simu akapanga wiki nzima. Wanakwaya wenzake walikumbushwa mazoezi. Mama mkwe wake kule Kayanza, mwenye ugonjwa wa presha, alikumbushwa dawa kila siku saa moja asubuhi. Mama mkwe akaanza kumsifu kwa mlima mzima, maana kule kijiji huitwa mlima: mkwe wangu hajanisahau hata siku moja, tena hakosei hata dakika!

Mume wake, Zénon, mpishi katika nyumba moja huko Kinanira, alipata wake kila siku saa saba mchana: "Umekula?"

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Jumatatu moja ya sikukuu. Zénon hakwenda kazini. Alikuwa mezani, sahani ya maharage na ndizi mbele yake, mke wake amesimama anampakulia, simu ikalia. Akasoma. Akamtazama mke wake. Akasoma tena.

"Conso, nani huyu ananiuliza kama nimekula, na we uko hapa na kijiko mukononi?"

Walicheka mpaka watoto wakaja kutazama kuna nini. Kicheko kile kilikuwa na onyo ndani yake, ila nani angelisikia siku hiyo? Mama mwenye simu, wewe unayesoma hapa, lisikie sasa: simu inashika saa. Haishiki hali.

Mwezi wa nne mwaka jana mvua zilizidi. Buterere, bondeni kule karibu na mashamba ya mpunga, maji yaliingia majumbani. Watu walijiokoa. Kuku hawakuokoka. Spéciose, mjane wa huko, aliamka akakuta banda lake limekwenda na kuku kumi na mmoja.

Kuku kwa mama wa Buterere si wa kitoweo tu. Ni daftari la mtoto, ni dawa, ni sabuni. Spéciose akawakusanya kina mama, pamoja naye wakawa kumi na wawili. Waliuza walichokuwa nacho, wengine vitenge vya harusi zao, wakatuma watu milimani kununua mayai ya kuku wa kienyeji, mia moja na themanini, kumi na tano kwa kila mama. Wakayaleta Carama kwenye vikapu vilivyojaa majani makavu ya migomba, wakitembea polepole kama wanaobeba wagonjwa.

"Mama Ingrid," Spéciose alimwambia Consolate siku ile, "hapa tumekuletea nyumba kumi na mbili. Zikipasuka, hatuna zingine."

Wiki ile ile alikuja pia Massoudi, fundi magari wa Buyenzi, mzee mwenye maneno mengi na ndevu nyeupe, na mayai yake thelathini. Yakawa mia mbili na kumi.

Consolate aliyalaza Jumamosi. Jioni ile ile, kwa furaha ya kazi kubwa, akashika simu na kupanga ujumbe kwa watu kumi na watatu, mmoja mmoja. Uende Jumamosi ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi. Aliuremba: "Hongera! Vifaranga wako wametoka, wanakulilia. Njoo na boksi."

Hebu itazame hiyo. Yai lina saa nne tu ndani ya mashine, na pongezi zimekwisha andikwa.

Siku ya kumi na sita umeme ulikatika. Ulikatika asubuhi, haukurudi mchana, haukurudi jioni. Consolate alijaza maji ya moto kwenye vidumu, akavipanga ndani ya kuvezi, akalifunika friji lote kwa mablanketi ya watoto. Watoto wakalalia mikeka. Kipimajoto kilishuka, kikapanda, kikashuka tena. Umeme uliporudi kesho yake, alijua jambo moja: kama mayai bado yana uhai, yatachelewa. Yai lililopoa halikimbii.

"Nilisema, nitawaambia wenyewe wasikuje Jumamosi," anakumbuka. "Nilisema hivyo na mudomo wangu. Halafu siku zikanila."

Ijumaa, siku ya ishirini, umeme ukakatika tena mchana, na simu ikazima mkononi mwake. Akaipeleka kwa Faruk, kijana mwenye kibanda cha kuchaji kwa nguvu ya jua pale barabarani. Akarudi mbio kwenye vidumu vyake vya maji moto, safari hii akivipanga nje ya friji, chini ya mablanketi, bila kufungua mlango. Umeme ulipowaka magharibi alikuwa amechoka hata kula hakuweza. Simu akaisahau. Faruk akaifungia ndani ya kabati lake, imejaa chaji, inawaka, unite zimo.

Jumamosi, saa kumi na mbili kamili, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, simu ikafanya kazi iliyotumwa.

Saa moja na nusu Consolate akasikia nyimbo.

Kina mama wa Buterere walikuja kwa mstari, wamevaa nguo za Jumapili. Wengine walibeba maboksi. Wengine walibeba unga wa uji, ndizi na maharage, kwa maana Burundi mzazi hatembelewi mikono mitupu: akijifungua, analetewa chakula, na desturi hiyo inaitwa guhemba. Walikuwa wamekuja kumhemba Consolate. Kwao, yeye ndiye aliyezaa.

"Umezaa, Mama Ingrid! Umezaa wengi!" Spéciose aliimba, na mfuko wa unga kichwani.

Consolate alisimama mlangoni, majivu ya jana mpaka kwenye nyusi, kidumu kitupu mkononi.

"Nimezaa nini?"

Nyimbo zikakatika.

Kwa kina mama hawa, kumpongeza mzazi kabla mtoto hajatoka ni kumwitia balaa. Mama mmoja alishika mdomo. Mwingine akaficha boksi nyuma ya mgongo, kama anayeona haya kulionyesha. Ndipo Massoudi akafika, jasho linamtiririka.

"Mi nimetoka Buyenzi kwa muguu," akasema. "Petroli hakuna, muguu ndiyo gari yangu. Mesaje yako inasema vifaranga wananililia. Haya, wako wapi wenye kulia?"

"Mesaje gani, Mzee Massoudi?"

"Ya simu yako! Leo, nikinywa chai."

"Simu yangu iko kwa Faruk tangu jana."

"Sasa Faruk ndiye anazaa?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta. Consolate alikumbuka, akaweka kidumu chini. "Ni mimi," akasema. "Niliandika siku ile ile nilipoyalaza."

"Siku ya kwanza ulijuaje? We ni nabii?" Massoudi akagonganisha viganja. "Mama, kuku hasomake mesaje!"

Haya, fungua tuone, wakasema, na Massoudi na Spéciose wakamfuata mpaka chumba cha nyuma. Hapo Consolate akaweka mgongo kwenye mlango wa friji na kutanua mikono.

"Apana. Nikifungua sasa unyevu unatoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka, inawabana, wanakufia humo humo. Nipige, Mzee, lakini sifungui."

Spéciose alishusha mfuko wa unga. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma.

"Mama Ingrid, niambie kweli. Wako hai?"

"Sijuwe."

"Bale bamama nje waliuza vitenge vyao. Nitoke niwaambie nini?"

Consolate alizidi kubana mlango kwa mgongo. Mayai mia mbili na kumi yalikuwa nyuma ya mgongo wake, na hakuna hata moja lililosema neno.

Ni Massoudi aliyeona yale matundu ubavuni.

"Hii ni ya nini?"

"Ya hewa."

Mzee akavua kofia, akapiga magoti, akaweka sikio. Akakunja uso. "Zima hiyo feni, inaningurumia. Na nyie nyamazeni! Miaka thelathini na tano ninasikilizaka injini. Nikisema imekufa, imekufa."

Feni ikazimwa. Kina mama wakajazana mlangoni. Massoudi alifumba macho, kidole kimoja juu. Kidole kikaanza kupiga mdundo.

"Kuna kintu kinagonga," akasema.

Akasogeza sikio karibu zaidi.

"Kinagonga... Kingine kinajibu." Akafumbua macho, na ndevu zote zikacheka. "Wallahi wanaongea! Humu ndani kuna soko!"

Weee! Kilichofuata hakuna aliyekipanga kwenye simu. Kina mama waliingia wote mara moja, wakasukumana, wakapangwa mstari na Massoudi kama wanaokwenda kupima mtoto zahanati. Kila mmoja zamu yake, magoti chini, sikio kwenye tundu. Piii, piii, ndogo kama uzi, kutoka ndani ya ganda. Kifaranga hulia hata kabla hajalivunja. Mmoja alilia. Mmoja alijibu, "Karame!" kama mtu anayeitikia akiitwa. Spéciose alikaa kwenye tundu mpaka wenzake wakamvuta kwa kitenge.

"Unga mumeuweka wapi?" Consolate akauliza, akitaka kupika uji kwa wageni.

"Hakuna anayegusa unga," Spéciose akakata shauri. "Uji wa mzazi haunywewi mtoto akiwa tumboni. Tumeshakosea mara moja."

Mfuko ukafungwa kamba, ukaning'inizwa kwenye msumari wa mlangoni. Ulikaa hapo mchana wote na usiku wote. Walikunywa chai kavu. Wengine walirudi Buterere, wengine walilala sebuleni kwa Consolate juu ya mikeka na watoto wake.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, yai la kwanza lilipasuka. Lilikuwa la Spéciose, jina lake la penseli likakatika katikati. Kufika jioni walikuwa vifaranga mia moja hamsini na wanane: mia moja thelathini na sita wa Buterere, ishirini na wawili wa Massoudi. Mayai mengine hayakutotoa, na kila mama aliangalia yake, akaelewa.

Kamba ya unga ikafunguliwa. Uji ukapikwa kwenye sufuria ya kwaya.

Je, Consolate aliacha kupanga ujumbe? Hata kidogo. Ukimwambia aache, anakushangaa.

"Shoka likikukata muguu, unatupa shoka?" anasema. "Unajifunza kusimama."

Siku hizi anagawa mambo mafungu mawili. Ya kalenda anayapanga. Siku ya kumi na nane mteja anapata ujumbe: tayarisha boksi, taa na maranda, usije mpaka nikuite. Siku ya saba baada ya kuchukua vifaranga unakwenda mwingine: leo ni chanjo ya kideri, usichelewe. Kwa ujumbe huo wa chanjo, kina mama kumi na wawili walipoteza vifaranga tisa tu mpaka wakakua. Zamani, Spéciose anasema, kideri kingepita na kufagia banda zima kwa wiki moja.

Lakini habari ya aliyezaliwa, aliyepona au aliyekufa haiandiki leo kwa ajili ya kesho. Na kila Jumatano anaifungua orodha ya jumbe zilizolala ndani ya simu, anazipitia moja moja kama anavyogeuza mayai. Ule ambao hali yake imebadilika, anaufuta. Hata ule wa Zénon ameubadilisha. Sasa anampigia.

"Anakula na kelele simuni," anasema Consolate. "Lakini ninajua amekula."

Mama mwenye simu, fanya hivyo na wewe. Fungua simu yako leo, tazama ulichokilaza humo. Huenda kuna hongera inayomsubiri mgonjwa, au salamu ya mtu ambaye hayupo tena. Itakwenda tu. Yenyewe haipigi hodi.

Mpango wa Consolate ni kununua betri kubwa na paneli ya jua, ili umeme ukikatika taa za kuvezi zisizime. Fundi amemtajia bei, amepata karibu nusu. Ingrid anataka mashine ya pili, ya mayai mia tano. Massoudi ameahidi kuja kufunga nyaya bure, kwa sharti moja: awe wa kwanza kusikiliza.

Na asubuhi hii, chumba cha nyuma, Consolate bado yuko magotini. Mayai yaliyomo ni mia na hamsini, yote ya Buterere. Hayakununuliwa milimani. Yametagwa na wale wale vifaranga wa mwaka jana, waliokua, wakayajaza tena mabanda ya Buterere.

Sikio liko kwenye tundu. Feni imezimwa. Dakika inapita, ya pili inapita.

Mabega yake yanashuka. Tabasamu linamjia polepole, kutoka upande mmoja wa uso mpaka wa pili. Ananyanyuka, magoti yana vumbi, anachukua simu. Haandiki kitu. Anaipeleka sikioni, lile lile lililotoka kusikiliza.

"Alo, Spéciose?... Apana, dada, si mesaje. Ni mi mwenyewe. Wanaongea. Funga unga, kesho ukuje."